Uji wa Mahari

Viti vya sebuleni nilivipanga mimi, kwa hiyo nilijua mapema kwamba mama yangu hangeketi. Mjomba alisimama mlangoni akinielekeza kwa kidole. Wazee wa Kagio upande wa dirisha. Wazee wetu upande wa kabati. Mchungaji kwenye kochi. Na kile kiti cha mbao chenye mikono, ambacho mama hukalia jioni akipumzisha miguu, kiwekwe katikati ya upande wetu.

"Hicho ni cha nani?" nikamwuliza.

"Cha baba yenu."

"Na mama?"

Alinitazama kana kwamba nimemwuliza ng'ombe atalala kitanda gani. "Mama yako atakuwa jikoni. Kwani ni nani mwingine anaweza hizo sufuria?"

Nayaandika haya kwa sababu watu wa kwetu husimulia siku hiyo huku wakicheka. Wamekwisha kuifanya hadithi ya kuchangamsha wageni. Mimi sikucheka, na mpaka leo sijaona cha kucheka.

Dada yangu alikuwa anaolewa. Kijana wake ni mtu wa Kagio, mfanyabiashara wa nyanya na mchele, mpole, hana neno na mtu. Watu wao walikuwa wanakuja kwetu Giakanja kwa ruracio, siku ya kuleta mahari. Na kwa sababu ya ruracio hiyo, baba yetu alikuwa ameitwa.

Baba aliondoka nyumbani dada akiwa ameanza shule na mimi nikiwa bado mgongoni. Alikwenda Nanyuki kutafuta kazi ya udereva, akaipata, na pamoja na kazi akapata nyumba nyingine. Nanyuki si mbali. Asubuhi mlima ukiwa wazi, mji huo uko nyuma ya bega lake tu. Mtu anaweza kutoka huko baada ya kifungua kinywa, akaona watoto wake, akarudi kabla ya giza. Hakuja. Mama akachukua mali yake yote, yaani sisi na sufuria mbili, akarudi kwenye shamba la babu, ambako alipewa kipande cha kujenga. Mjomba, kakake, ndiye mkubwa wa boma hilo.

Mama ni mpishi katika shule ya bweni ya wasichana. Mwiko wake ni mrefu kama mpini wa jembe, na mama hasongi ugali kwa mkono bali kwa mgongo mzima. Mimi nilikulia juu ya mvuke wa uji wa wasichana wa watu. Alinifunga kwa leso akapika, na tata, dada yake, husema nilikuwa narudishwa nyumbani nimelowa kama nguo iliyotoka kwenye beseni. Mikono yake ina madoa ya uji uliomrukia, mengine ya zamani kuliko mimi.

Akitoka shuleni, kijiji kinamngoja. Kuna msiba, aitwe. Kuna harambee ya kanisa, aitwe. Askofu anakuja, nani atapika? Yule wa sufuria kubwa. Kisha mwanamume fulani husimama na kipaza sauti na kusema kwamba akina mama hawa ndio nguzo ya kanisa letu, tuwapigie makofi. Sijawahi kuona nguzo ikipewa kiti.

Niliposikia kwamba baba ameitwa, nilitoka mjini Nyeri, ninakofundisha vipindi vya kuokoteza katika chuo kimoja, nikaenda kumkabili mama. Nilimkuta akichambua njahi, yale maharagwe meusi ya sherehe.

"Mama, kwa nini umemwita huyo mtu?"

"Sijamwita. Nimemtuma mjomba wako."

"Si ni kitu kimoja?"

"Si kitu kimoja. Chukua hiyo sinia, usikae hivyo kama mgeni."

Nikachukua sinia. Nikamwuliza baba alikuwa amefanya nini cha kumfanya apokee mbuzi wa dada. Akasema baba alipomwoa alileta mwati na harika, wale mbuzi wawili wa kwanza ambao kwetu husema kwamba msichana amewekewa alama. Hakuleta mwingine baada yao.

"Kwa hiyo mbuzi wawili waliokufa zamani wana nguvu kuliko wewe?"

"Usinisomee hapa," akasema. "Wewe umesoma, hakuna mtu atakuuliza wewe ni wa nani. Lakini dada yako anaenda kuishi kwa watu. Siku atakosana na mama mkwe, ataambiwa yeye ni mtoto wa nje, ati aliozwa na wanawake. Mimi nimeambiwa hayo maneno. Unajua vile yanakaa ndani?"

Sikujua. Hilo lilinikasirisha zaidi, kwa sababu hasira yangu ilikosa mahali pa kutua. Sikuweza kumkasirikia yeye. Nikamwendea mjomba.

Mjomba ni mwalimu mstaafu. Maisha yake yote alifundisha watoto hesabu na kuwaambia waache ushenzi. Alipostaafu akanunua simu nzuri, na katika simu hiyo akazikuta desturi zetu zote zikimsubiri, zimepangwa kwa video, pamoja na wazee wenye kofia za ngozi wanaokodishwa kwa siku. Nikamwambia kwamba majirani zetu wa ng'ambo ya mto walifanya ruracio na mama wa msichana alikaa sebuleni kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Hao wamepotea," akasema.

"Na pombe je? Desturi inasema muratina, pombe ya asali. Sisi tutakunywa uji."

"Ah, hiyo ni sababu ya wokovu. Desturi lazima ibadilike kidogo."

"Kwa hiyo inaweza kubadilika."

"Wewe," akaniambia, "hiyo digrii ulipewa ama uliibeba ikianguka?"

Basi badala ya muratina uliamuliwa uji wa wimbi uliochachuliwa. Na uji huo, bila shaka, ukapikwa na mama.

Kuna jambo moja lazima lieleweke kabla sijaendelea. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na wa pili jina la mama ya mama yake. Jina halibaki jina tu. Mwenye jina huhesabiwa kuwa amerudi. Kwa hiyo dada yangu ni mama yake baba, na baba anapaswa kumwita maitu, yaani mama. Mimi ni mama yake mama, na yeye huniita maitu hasa anapotaka nimsugue mgongo. Kwa baba, basi, mimi ni mama mkwe. Na mwanamume wa kwetu hamkumbatii mama mkwe wake. Humwamkia kwa mbali, akiinamisha macho. Hata mama mkwe akiwa mtoto aliyebeba jina tu, bado wazee humfanyia ile heshima nusu kwa mzaha, nusu kwa kweli. Mimi siyaamini haya. Lakini nimekulia ndani yake, na mwili unajua mambo ambayo kichwa kimekataa.

Siku ilifika na jua zuri. Mama alikuwa kwenye moto tangu alfajiri, nyuma ya nyumba, penye mafiga matatu ya mawe na sufuria zilizoazimwa kanisani. Wageni walipofika, akina mama wetu walifunga lango kama ilivyo kawaida, wakalishika kwa ndani. Watu wa Kagio walisimama barabarani, wanawake wao wamebeba mizigo ya unga na sukari mgongoni.

"Nyinyi ni akina nani?" tata akawapigia kelele.

"Ni sisi, tumepotelewa na ua letu, tumesikia liko hapa!"

"Hapa hatuna ua, tuna kabeji! Mmetoka wapi?"

"Kagio!"

"Kumbe ni wale wa kufukuza ndege kwa mchele! Basi imbeni, tusikie kama hizo sauti zimebaki."

"Fungua, mama, huyu kijana amekonda sababu ya msichana wenu!"

"Amekonda? Huyu? Na huyo aliyenona anakaa aje?"

Waliimba, wakafunguliwa. Hapo nilifurahi, nakiri. Wanawake wakiwa peke yao langoni wana akili na mzaha kuliko vikao vyote nilivyowahi kuhudhuria. Nilijiuliza tu kwa nini akili yote hiyo huishia langoni.

Kisha ukaja mchezo wa leso. Dada, mimi na wasichana wengine tulifunikwa kutoka kichwani hadi kwenye vifundo, tukapangwa mstari, na kijana akaambiwa amtafute wake. Akikosea hulipa faini, na watu hupenda akikosea. Kijana wa Kagio alitembea polepole akiangalia chini. Alifika kwa dada akasimama. Alikuwa amemtambua kwa visigino. Akina mama wakapiga vigelegele, na dada akatoka ndani ya leso akilia na kucheka.

Baba alifika baada ya hayo, akiwa amechelewa. Alivaa koti la rangi ya majani makavu, la kijeshi, kama yale yanayouzwa Nanyuki. Alikuwa amezeeka vizuri. Hilo nalo liliniuma. Mjomba alimlaki kwa mikono miwili, akampitisha katikati ya wanawake waliokuwa wakimenya viazi, akamketisha kwenye kiti cha mama.

Tukaitwa ndani, dada na mimi. Tulivaa kitenge kimoja, nyuso wazi. Dada alikuwa bado anafunga kilemba, akaniomba nimshikie kibuyu cha uji, ambacho hubebwa na bibi harusi, mpaka afike mbele ya wazee. Nikakishika.

"Mzee," mjomba akatangaza, "wasichana wako ndio hawa."

Baba akasimama. Akafungua mikono. Akaja moja kwa moja kwangu.

"Maitu," akasema. "Maitu wakwa. Mama yangu." Akanikumbatia, mimi na kibuyu pamoja, uji ukamwagikia kifuani pangu. "Umekua. Leo umenipa heshima. Huyu kijana wa Kagio anakufaa kweli?"

Halafu tata, aliyekuwa amesimama mlangoni, akashika mdomo.

"Ngai! Amemkumbatia mama mkwe!"

Wakaangua kicheko. Wazee wa Kagio walicheka hadi mmoja akatoa kitambaa kufuta macho. Mchungaji alicheka. Mjomba alicheka kuliko wote, kwa woga. "Mzee, huyo ni mdogo! Bibi harusi ni yule!"

"Wanafanana," baba akasema, naye akicheka. "Wanafanana mno."

Hatufanani. Mimi ni mfupi na mweupe kiasi kama mama. Dada ndiye aliyefanana na baba: urefu wake, weusi wake, hata lile pengo la meno ya mbele. Baba alikuwa amesimama mbele ya uso wake mwenyewe akaupita.

"Mimi ni mama mkwe wako," nikamwambia. "Rudi nyuma."

Nilitupa maneno hayo kama jiwe. Waliyapokea kama peremende. Kicheko kikaanza upya, na mzee mmoja akasema, "Huyu naye ni moto, huyu tutamrudia!" Hapo nilielewa kitu ambacho darasani sikukielewa. Ukikasirika mbele ya watu walioamua kufurahi, hasira yako huwa sehemu ya burudani.

Dada hakucheka wala hakulia. Alichukua kibuyu mikononi mwangu.

Msemaji wa Kagio, mzee mwenye sauti ya taratibu, akajikusanya. "Binti, tunakuuliza mbele ya watu wote. Hiki kinywaji tukinywe?"

Hili ni swali la kweli. Kwetu msichana huulizwa, na akisema hapana, wageni huchukua mizigo yao wakarudi. Akikubali huonja, kisha humpa baba yake anywe, na hapo tu ndipo mazungumzo huanza.

"Kinywewe," dada akasema. Akaonja.

"Basi mpe baba yako."

Dada akaketi chini kwenye mkeka, kibuyu mapajani.

"Binti?"

"Nangoja."

"Unangoja nini?" mjomba akauliza.

"Mama."

"Mama yako ako na kazi."

"Basi nangoja amalize."

Mjomba alitazama dari. Baba alitazama viatu vyake. Mzee wa Kagio akasema kwa upole kwamba wao hawana haraka, lakini uji usipotoka mikononi mwa msichana, wao hawajapewa mtu. Mbuzi wangebaki kwenye gari. Siku nzima ilikuwa imekalia mapaja ya dada yangu.

"Wewe," mjomba akanigeukia, "enda uite mama yako aje aongee na huyu mtoto."

Nilikimbia. Mama alikuwa ameinamia sufuria ya njahi, uso ukimeremeta kwa jasho.

"Unaitwa sebuleni."

"Kwani amekataa kijana?"

"Amekataa baba."

"Ngai wangu. Mnataka kuniaibisha leo, leo!" Akaweka mwiko chini, akapangusa mikono kwenye aproni, akanipita. Aproni hakuivua.

Alisimama mlangoni pa sebule yake mwenyewe. Hapakuwa na kiti, nami najua kwa sababu nilivipanga. Baba alikuwa ameketi penye umbo la mwili wa mama.

"Habari, mama wa wasichana," baba akasema.

"Nzuri. Ulifika salama?"

"Salama."

Ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao baada ya maisha yetu yote. Akamgeukia dada.

"Mwanangu, usiwaweke wageni na njaa. Toa uji."

"Nimpe nani, mama?"

"Huyo. Si ndiye tulimwita?"

"Basi mpe wewe," dada akasema, akainuka, akamnyooshea kibuyu kwa mikono miwili.

Nilimwona mama akifikiri. Angeweza kukataa. Macho yote yalikuwa kwake, na mama ni mtu anayeogopa macho. Alikipokea kibuyu. Akachungulia ndani, kama anavyochungulia kila chombo kabla hakijapelekwa mezani. Kisha akakiinua akanywa.

Hakuonja, alikunywa. Kichwa kilirudi nyuma, koo likapanda na kushuka, na chumba chote kikasikia mama yangu akimeza. Alipomaliza alifuta mdomo kwa aproni.

"Umechacha vizuri," akasema. Akampa baba kilichobaki. Akarudi jikoni.

Mjomba alikohoa. Mchungaji akapendekeza maombi, na wote wakafumba macho haraka kwa shukrani. Baba akanywa. Mazungumzo yakaendelea, mbuzi wakashushwa, baba akavishwa koti jipya na blanketi mabegani, huku watu wakipiga picha. Leso alizoletewa mama alikabidhiwa tata ampelekee nyuma ya nyumba.

Wageni walipokuwa wakila, nilimfuata kwenye mafiga. Nilikuwa na furaha kali.

"Mama, ulikunywa kwanza kwa kusudi?"

"Kusudi gani?"

"Ulikunywa kabla yake. Mbele ya wazee wote."

Alinitazama kwa macho mekundu ya moshi. "Nilikuwa na kiu, maitu. Niko kwa huu moto tangu asubuhi."

Nilitaka iwe vita. Nilikuwa nimekwisha kuvipamba kichwani, jinsi nitakavyovisimulia kwa marafiki zangu wa chuo. Ilikuwa kiu. Boma lilijaa watu waliokuja kusherehekea binti aliyemzaa, mapipa ya maji yalijaa, kreti za soda zilipangwa hadi dirishani, na mwanamke aliyewalisha wote alipata kinywaji chake cha kwanza siku hiyo kwa sababu binti yake aligoma. Ningependelea vita. Vita ningejua la kufanya navyo.

Jioni wageni waliondoka wakiimba. Baba alibaki akingoja gari la kumpeleka Nanyuki, blanketi bado mabegani, katika kiti kile kile. Mama aliingia na kutafuta mahali kwa macho, akageuza kreti tupu ya soda akaikalia karibu na mlango. Akanyoosha miguu. Ilikuwa imevimba.

"Toka kwa hicho kiti," nikamwambia baba.

"Mwache," mama akasema. "Anaenda sasa hivi."

"Aende akiwa amesimama."

Mjomba alifungua mdomo. Dada, aliyekuwa anakusanya glasi, alimwangalia mara moja tu, na mdomo ukafungwa. Baba akatabasamu, akijaribu kuurudia ule mzaha. "Sawa, mama mkwe, sawa." Hakuna aliyecheka safari hii. Akasimama. Akasogea dirishani kutazama barabara.

Nikakivuta kiti hadi mbele ya mama. "Kaa."

Mama aliweka kiganja kwenye mbao, pale baba alipokuwa ameketi, akakiondoa.

"Bado kina joto," akasema. "Wacha kipoe kwanza."

Akabaki kwenye kreti. Sisi wawili tukasimama kando ya kile kiti, kitenge chetu kimoja kikinuka moshi na uji, tukakilinda mpaka kikapoa.